Umeumia katika ajali? Fidia yako huanzia hospitalini

Tuchukue mfano. Matatu inaacha barabara na kupinduka mtaroni. Abiria mmoja anatoka amekwaruzika paji la uso, shingo inamuuma kidogo. Anamshukuru Mungu kuwa yu hai, anapanda gari jingine na kwenda zake nyumbani. Wiki mbili baadaye hawezi kugeuza shingo wala kuinua ndoo ya maji. Anapoamua kudai fidia, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Siku ya ajali ulitibiwa wapi?" Hana jibu.

Watu wengi hudhani kwamba madai ya fidia ni kazi ya wakili na mahakama peke yake. Ukweli ni kwamba ushahidi mkubwa huandikwa na daktari au muuguzi, tena siku ile ile ya ajali.

Nchini Kenya, Sura ya 405 ya sheria inamtaka kila mwenye gari linalotumia barabara awe na bima ya kuwalipa watu wengine wanaoumizwa na gari hilo, wakiwemo abiria wa matatu na wapita njia. Kiwango cha juu ambacho sheria inailazimisha bima kulipa kwa mtu mmoja ni Sh3 milioni.

Hata hivyo, hulipwi kwa sababu umeumia tu. Ni lazima uthibitishe mambo mawili. Kwanza, kwamba dereva alifanya uzembe. Pili, kwamba majeraha uliyo nayo yalitokana na ajali hiyo. Jambo la kwanza huelezwa na polisi na mashahidi. La pili huelezwa na rekodi za hospitali.

Je, ufanye nini?

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama unajiona mzima. Mweleze daktari kila mahali panapouma, si pale panapotoka damu pekee. Hakikisha kadi yako ina tarehe, majeraha yote, na kwamba uliumia katika ajali ya barabarani. Maumivu ya shingo, mgongo na kichwa huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye. Yakitokea, rudi ukapimwe na uandikiwe.

Piga ripoti kwa polisi na uchukue nambari ya OB. Baadaye omba abstrakti, yaani hati ya polisi inayoonyesha nambari ya gari, mwenyewe na kampuni ya bima. Soma uone kama jina lako limo. Polisi pia watakupa fomu ya P3, ambayo hujazwa na daktari kueleza umeumia kiasi gani. Fomu hiyo haiuzwi.

Tunza kila karatasi: kadi, picha za eksirei, risiti za dawa na za magongo. Mahakama hutenganisha gharama ulizotumia na maumivu uliyopata. Gharama hulipwa kulingana na risiti, na isiyo na ushahidi huenda usirudishiwe. Kiasi cha kulipia maumivu huamuliwa na hakimu kwa kulinganisha na kesi za awali zenye majeraha kama yako.

Kabla ya kesi kusikizwa, daktari atakupima tena na kuandika ripoti inayoeleza umepona vipi na kama umebaki na ulemavu wa kudumu. Kampuni ya bima nayo yaweza kukupeleka kwa daktari wake. Usiogope. Waeleze wote ukweli ule ule. Kama mgongo ulikuwa ukikusumbua tangu zamani, sema. Ukificha na ijulikane, hata majeraha ya kweli yatatiliwa shaka.

Jihadhari na haraka. Wapo watu wanaozunguka wodini wakiwaletea wagonjwa karatasi za kutia sahihi. Usitie sahihi kitu usichokielewa, wala usimpe mtu usiyemjua kadi zako halisi. Vilevile, usikubali malipo ya mwisho kabla daktari hajasema hali yako imefikia wapi. Mtu aliyetiwa vyuma mguuni, kwa mfano, huenda akahitaji upasuaji mwingine wa kuvitoa. Gharama hiyo huweza kudaiwa mapema ikiwa daktari ameitaja katika ripoti na wakili ameijumuisha katika madai. Ukishakubali malipo ya mwisho, ni vigumu sana kurudi kudai zaidi.

Hata hivyo, usilale. Kesi ya uzembe yafaa kufunguliwa kabla ya miaka 3 kuisha tangu siku ya ajali. Ikiwa unaishtaki serikali, muda ni miezi 12 pekee. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo.

Mwisho, funga mkanda wa usalama kila uingiapo garini. Mkanda huokoa maisha, na pia hulinda haki yako. Hakimu akiona kwamba uliumia zaidi kwa kutoufunga, aweza kukupunguzia fidia.

Kwa hivyo, msomaji, siku ukipatwa na ajali, usiseme "ni mkwaruzo tu." Pitia hospitalini kwanza, uandikiwe, ndipo uende nyumbani.