Parkinson, Muda na Umeme wa Ubongo: Maelezo kwa Wagonjwa na Wanaowauguza

Dalili za ugonjwa wa Parkinson zinazojulikana ni zile zinazoonekana: mkono unatetemeka, viungo vinakakamaa, hatua zinakuwa fupi. Ipo nyingine isiyoonekana, na ndiyo inayoleta ugomvi nyumbani. Mgonjwa hukosea kupima muda. Anaambiwa asubiri kidogo, anainuka mapema mno. Au anakawia, na jamaa wanasema ni uzembe au ni uzee tu. Si uzembe. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Chanzo chake ni kilekile cha kutetemeka. Katika kina cha ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, na katika Parkinson seli hizo hufa kidogo kidogo. Njia za neva zinazotegemea dopamini hupanga mwendo, lakini pia husaidia kukadiria sekunde zinazopita. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, wagonjwa walifundishwa vipindi viwili, cha sekunde 8 na cha sekunde 21, kisha wakatakiwa kuvirudia. Walipokuwa hawajanywa dawa, kile kifupi walikirefusha na kile kirefu wakakifupisha. Vipindi hivyo viwili vilisogeleana. Walipokuwa wamekunywa dawa yao, levodopa, makadirio yao yalikaa sawa.

Umeme unaingia wapi?

Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, daktari wa upasuaji Alim-Louis Benabid na mwenzake Pierre Pollak walianza kutumia waya mwembamba, uliopenyezwa hadi ndani ya ubongo, kutuliza mtetemeko kwa umeme wa kasi. Kabla ya hapo, upasuaji wa kutuliza mtetemeko ulikuwa wa kuunguza sehemu ya ubongo, na kilichounguzwa hakirudi. Umeme unaweza kuongezwa, kupunguzwa au kuzimwa. Leo waya huunganishwa chini ya ngozi na kifaa chenye betri kinachowekwa kifuani, na mara nyingi hutoa mipigo ipatayo 130 kwa sekunde. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson, waya huelekezwa kwenye kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi.

Baadaye watafiti wa Italia walijiuliza: kifaa kinachotuliza mkono, je, hurekebisha na hesabu ya muda? Waliwapima wagonjwa kwa vipindi vya sekunde 5 na 15, kifaa kikiwa kimezimwa na kikiwa kimewashwa. Kilipowashwa, makosa yalipungua, kama yalivyopungua kwa dawa. Kwa maoni yetu hilo lina uzito: ugumu wa kukadiria muda hautokani na tabia ya mtu, maana tabia haiwashwi wala kuzimwa kwa swichi.

Hata hivyo, habari hii isisomwe kama ahadi. Upasuaji huu hauponyi Parkinson wala hauzuii seli kuendelea kufa. Si kila mgonjwa anayefaa kufanyiwa, na baada ya upasuaji daktari huhitaji wiki au miezi kurekebisha kiwango cha umeme. Tena, si kila tatizo la mwendo ni Parkinson. Aliyeumia ubongo mdogo, ule ulio kisogoni, huwa na shida zaidi katika vipindi vifupi visivyofika sekunde moja, na mwendo wake huyumba. Huyo anahitaji uchunguzi wake mwenyewe.

Nyumbani

Dawa inywewe kwa saa ya ukutani au kengele ya simu, kamwe si kwa kukisia. Mdundo wa nje husaidia sana: makofi, ngoma ya taratibu, wimbo wenye mapigo sawa. Mgonjwa anayeganda mlangoni mara nyingi huweza kupiga hatua akihesabiwa "moja, mbili, moja, mbili". Barabarani asiachwe akadirie peke yake kasi ya pikipiki inayokuja. Na anapojibu taratibu, mpe nafasi kabla ya kumkatiza.

Aliyewekewa kifaa atembee na kadi yake. Amwonyeshe kila mhudumu wa afya kabla ya kipimo cha MRI, kwa sababu baadhi tu ya vifaa huruhusu kipimo hicho, na kwa masharti. Tiba ya viungo inayopasha mwili joto kwa mawimbi ya umeme asifanyiwe kabisa, hata kama anaumwa goti tu: joto hilo linaweza kupita kwenye waya na kuunguza ubongo.