Muamala Hauonekani Ukiutafuta? Usitume Pesa Tena Kabla ya Kusoma Hii

Umelipa kodi ya nyumba. Mwenye nyumba anakuambia hajaona kitu. Unafungua programu, unachagua mwezi, unaandika jina lake, halafu… hakuna! Kidole tayari kiko kwenye "Tuma Pesa" mara ya pili.

Ebu ngoja kidogo. Hapa ndipo mtu hujikuta amelipa mara mbili. Muamala kukosekana kwenye utafutaji haimaanishi haukufanyika.

Kwani huwa umeenda wapi?

Rekodi za miamala hazikai kwenye kompyuta moja. Zimegawanywa kwenye seva nyingi, na kila rekodi ina nakala kadhaa ili seva moja ikizima, pesa zako zisipotee. Ili utafutaji uwe chapchap, mfumo huweka pia faharasa, yaani orodha inayoonyesha rekodi gani iko wapi.

Fikiria chama chenu. Mweka hazina ameandika mchango wako kwenye daftari lake, lakini katibu bado hajaunakili kwenye orodha yake. Ukimuuliza katibu, atasema hujachanga. Pesa ipo, ila orodha ndiyo imechelewa. Faharasa nayo inaweza kuchelewa hivyo hivyo, hasa mwisho wa mwezi watu wengi wanapotuma kwa pamoja.

Fanya hivi, hatua kwa hatua

1. Anza na salio na ujumbe. Kama salio limepungua na una ujumbe wa kuthibitisha wenye nambari ya muamala, pesa imetoka kwako. Usitume tena.

2. Ondoa vichujio vyote. Ukiwa umechagua "Iliyokamilika", muamala ambao bado unasubiri hautaonekana kabisa.

3. Panua tarehe. Ongeza siku moja mbele na moja nyuma. Mifumo mingi huhifadhi muda kwa saa za UTC, na Kenya iko saa 3 mbele. Ukilipa tarehe 1 saa saba usiku, kwa UTC bado ni saa nne usiku ya siku iliyotangulia. Kichujio kisipobadilisha saa vizuri, kodi yako ya mwezi huu inajificha kwenye mwezi uliopita!

4. Tafuta kwa nambari ya muamala, sio kwa jina. Jina linaweza kuwa limeandikwa tofauti na unavyolijua, lakini nambari ya muamala ni moja tu. Inakili moja kwa moja kutoka kwenye ujumbe, kwa sababu ukiiandika mwenyewe ni rahisi kuchanganya herufi O na sifuri.

5. Badilisha mwanzo wa nambari ya simu. Kwako ni 07 au 01, lakini mfumo unaweza kuwa umeihifadhi ikianza na 254. Jaribu zote mbili.

6. Subiri dakika chache, kisha fungua ukurasa upya. Mpe "katibu" nafasi ya kunakili.

Na kama bado hauonekani?

Kama salio halijapungua, hakuna ujumbe, na hakuna kitu kinachosubiri, basi kuna uwezekano mkubwa pesa haikutoka. Hapo unaweza kujaribu tena.

Lakini kama salio limepungua, wasiliana na huduma kwa wateja ukiwa na nambari ya muamala, kiasi, tarehe na saa. Nambari hiyo inatusaidia kufika kwenye rekodi yenyewe bila kupekua orodha ndefu. Na tafadhali, usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Hatuihitaji ili kutafuta muamala.

Kwa sasa, mtumie mwenye nyumba ule ujumbe wa kuthibitisha ili naye atafute kwa nambari hiyo. Huenda hata yeye amesahau kichujio!