Mtoto Anayekula Nywele, Tumbo Likiziba

Mtoto anatapika majimaji ya kijani, tumbo limefura, na tangu jana hajaenda haja wala kutoa hewa. Huyo si wa kupewa dawa ya minyoo na kungojewa mpaka asubuhi. Huenda utumbo umeziba. Minyoo huweza kuuziba, ni kweli, lakini kama mtoto, hasa msichana, ana mazoea ya kung'oa nywele na kuzitafuna, au hutafuna nyuzi za rasta, fikiria nywele pia.

Nywele hazisagiki tumboni. Huteleza, zikanasa kwenye mikunjo ya tumbo na kusokotana na chakula kwa miezi, hata miaka, mpaka zikawa bonge jeusi. Bonge jingine huwa na mkia unaoshuka hadi utumbo mdogo. Madaktari wa Marekani walioieleza hali hiyo mwaka 1968 waliipa jina la Rapunzel, msichana wa hadithi mwenye nywele ndefu. Kabla ya kuziba, dalili huwapo: mtoto hushiba kwa matonge machache, hukonda, kinywa hunuka, kichwani kuna mapengo, na juu ya kitovu mkono unagusa kitu kigumu.

Tumbo likishaziba, usimpe chakula, mafuta ya nyonyo wala mitishamba ya kuharisha, na usimpige bomba. Utumbo ulioziba ukilazimishwa unaweza kupasuka. Soda ya kola, ambayo madaktari huitumia kuyeyusha mabonge ya nyuzi za matunda na mboga, haiyeyushi nywele.

Mpeleke Hospitali ya Lumakanda, huku Kaunti ya Kakamega, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ukifika, taja nywele kabla hujaulizwa. Watoto huficha kwa aibu, na daktari asiyejua anaweza kuanza na vidonda vya tumbo au minyoo. Neno lako hilo moja linaweza kuokoa siku nzima. Atawekewa dripu, na mrija wa puani wa kupunguza kilichojaa tumboni, kisha apigwe picha. Bonge kubwa halitoki kwa dawa, na mara nyingi kamera ya kupitia mdomoni nayo hushindwa. Hutolewa kwa upasuaji. Akipewa rufaa ya hospitali ya mjini Kakamega, au ya Hospitali ya Moi kule Eldoret, ondokeni siku hiyo hiyo. Omba ambulansi, dripu ikiendelea, bodaboda haimfai. Baada ya upasuaji, muulize daktari kama utumbo wote ulikaguliwa, maana kipande kilichobaki huweza kuuziba tena.

Mazoea yenyewe hayaondoki kwa kisu. Naomba asichapwe wala kuchekwa. Mara nyingi nyuma yake kuna hofu au huzuni, kwa hiyo mtafutieni mshauri nasaha. Mnyoeni nywele ziwe fupi, na apimwe damu, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma huendana na hamu ya kula visivyolika. Tunzeni karatasi za upasuaji: akianza tena kutapika au kukataa chakula, rudini nazo hospitalini.