Kichaka cha Matawi Chini ya Maji: Somo kwa Wavuvi wa Mishomoroni

Mvuvi wa Mishomoroni aingiaye hori ya Tudor kwa mtumbwi hulijua jambo moja alilorithi kwa wazee wake: palipo na gogo lililozama, au mti ulioangukia majini, hapo samaki hawakosi. Penye mchanga mtupu aweza kutupa mshipi tangu maji kujaa hata kupwa, asipate kitoweo. Somo hili laeleza sababu ya jambo hilo, na jinsi mvuvi awezavyo kutengeneza kichaka cha majini kwa gharama ndogo.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni maficho: samaki wadogo na kamba hujificha kati ya matawi wasiliwe na wakubwa. Ya pili ni chakula: tawi likikaa majini majuma machache huota utando wa kijani wenye utelezi. Tafi hula majani ya namna hiyo, na wadudu wakaao humo huliwa na samaki wengine.

Ufundi huu wajulikana katika nchi nyingi. Katika ziwa Nokoué, nchini Benin, wavuvi husimika matawi mengi mahali pa maji machache, na mavuno yake hupita ya maji matupu. Huko Bangladesh watu huzamisha matawi mitoni. Wataalamu walioufuata mfano huo walisimika mianzi katika mabwawa ya samaki, na samaki walao utando wakapata chakula zaidi. Basi mwenye bwawa la perege shambani naye aweza kujaribu.

Kazi yenyewe hufanywa hivi:

1. Kusanya matawi ya mwembe, mwarubaini au mvinje yaliyokatwa wakati wa kupogoa. Yaache yakauke, majani yapukutike, kwa maana majani mabichi huoza na kuharibu maji.

2. Fanya mafungu matatu, kila moja la kimo cha mtu. Yafunge kwa kamba za makumbi. Usitumie waya wala nailoni, kwa kuwa havìozi, na samaki hunaswa humo bure.

3. Funga mawe mazito chini ya kila fungu. Yawe mawe ya nchi kavu, usivunje matumbawe.

4. Chagua mahali pasipokauka hata wakati wa bamvua, ambapo maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Pawe mbali na njia ya vyombo, mbali na majani ya baharini, na mbali na mifereji ya maji machafu.

5. Zamisha mafungu wakati wa maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, kisha weka boya ili wengine wapaone.

Kabla ya kuzamisha, mvuvi na apate shauri la kamati ya wavuvi ya ufuo wake na la maofisa wa uvuvi, kwa maana hori ni ya watu wote.

Sasa yafaa kufahamu jambo lililo kubwa kuliko yote. Kichaka huwakusanya samaki upesi, lakini kuwakusanya si kuwazidisha. Akizungusha nyavu na kuwatoa wote, wadogo kwa wakubwa, mvuvi atafurahi siku moja na kulala njaa miezi mingi. Mwenye busara hutumia mshipi, au dema lenye matundu mapana, huwarudisha wachanga majini, na katika mafungu matatu huliacha moja lisivuliwe kabisa.

Tena, asikate mikoko kwa kazi hii. Mkoko wenyewe ndio kichaka cha asili: mizizi yake ni nyumba ya tafi wachanga, chaa, kaa na kamba, wala hauhitaji kufungwa wala kutiwa mawe. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilijaza matope katika hori za Mombasa, na mikoko mingi ikafa. Tangu hapo vikundi vya wenyeji vimepanda miche mingi kwa jasho lao. Atakayekata mkoko ulio hai ili afanye kichaka kitakachooza baada ya muda mfupi, amebomoa nyumba ya mawe apate kujenga kibanda cha makuti. Tena kuukata pasipo idhini ya idara ya misitu ni kosa la sheria.

Kwa hiyo kila azamishaye fungu moja la matawi makavu na apande pia miche ya mikoko ufuoni. Fungu litampa kitoweo cha mwaka huu. Mikoko itawapa kitoweo wanawe. Wahenga walisema: chovya-chovya humaliza buyu la asali. Hori nayo ni buyu, isipojazwa, huisha.