Mafunzo Niliyopata Nikipiga Picha za Mimea ya Mlima Meru

Sisi wakazi wa Maji ya Chai tunauona Meru kila kukicha, lakini mimea yake huijui mpaka upande. Haya ndiyo niliyojifunza nikiwa na simu mkononi.

1. Ua peke yake halitoshi. Piga mmea mzima, kisha shina, jani juu na chini, halafu ua kwa karibu. Chukua Hagenia abyssinica, mti wa njiani juu ya Miriakamba, kambi ya wapandaji: gome lake jekundu-kahawia hubanduka vipande vipande, na maua huning'inia kwa vishada. Kuna mti dume na mti jike. Vishada vya jike vina wekundu zaidi. Picha moja ya mbali haionyeshi hayo.

2. Sogea karibu kabla ya kutoa jina. Helichrysum, ua linalobaki lilivyo hata likikauka, huonekana lina petali nyeupe. Litazame kwa makini: hayo ni magamba makavu, na kile kitovu cha njano ni vijiua vingi vilivyobanana.

3. Andika mwinuko. Miriakamba iko mita 2,500 hivi, kambi ya Saddle mita 3,570, na kilele kinapita mita 4,560. Mtarakwa wa msituni huupati kwenye majivu ya volkeno ya juu, kwa hiyo namba hiyo hupunguza majina ya kukisia.

4. Wahi asubuhi. Mchana mawingu hufunika mlima mara kwa mara. Jua likiwa kali, kinga ua kwa kivuli cha mwili wako, rangi zitatulia.

5. Uliza, usichume. Huku hupandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Mwombe asimame kidogo, muulize yeye na wapagazi jina wanalouita mmea, uliandike pamoja na la kisayansi. Mmea wenyewe uache ulipo, maana ni hifadhi ya taifa.

Kuna sababu ya kufanya haya yote hapa: Dendrosenecio meruensis, ule mti mnene wenye majani makubwa kileleni mwa shina, hauoti porini popote duniani isipokuwa Meru. Ukipanda, usikimbilie kilele tu. Simama, upige picha kikamilifu, uandike tarehe na mahali. Picha yenye maelezo hayo itamfaa mtaalamu wa mimea na mtoto wa shule wa hapa kwetu.