Umefika Stechford, usingizi umebaki nyumbani

Kila wageni wakitua Birmingham, swali huwa ni lile lile: mbona mama anasinzia saa 1 jioni mbele ya chakula, halafu saa 9 usiku yuko jikoni anachemsha chai? Leo tuzungumzie uchovu huo wa kubadilisha majira ya saa, ambao vijana wanauita jetilagi.

Tuanze na hesabu. Afrika Mashariki iko mbele ya Uingereza kwa saa 3 wakati wa baridi, na saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Si nyingi. Ubongo una saa yake, nayo husogea kama saa moja kwa siku, kwa hiyo siku 3 au 4 zinatosha. Tena kuja huku ni kurefusha siku, na mwili hukubali hilo kwa urahisi zaidi kuliko kuifupisha. Sasa mbona wengine wiki nzima wako hoi?

Kwanza ni safari yenyewe. Wengi wetu hubadilisha ndege Dubai, Istanbul au Amsterdam, usiku kucha umekaa wima kwenye kiti. Huo ni usingizi uliokosa, dawa yake ni kulala.

Pili, na hili ndilo kubwa, ni mwanga. Nyumbani jua hutoka saa 12 na kuzama saa 12, ndiyo maana hata saa zetu tunazihesabu kwa jua. Hapa mwishoni mwa Desemba linatoka saa 2 na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Mwezi Juni linazama saa 3 na nusu usiku! Ubongo hurekebisha saa yake kwa mwanga unaoingia machoni. Mgeni anayefungiwa ndani, pazia limeshushwa na hita inawaka, anakosa kile kile kinachomponya.

Kwa hiyo mtoe nje mchana, hata kama kuna mawingu. Mvalishe koti, mtembee Station Road au kando ya mto Cole. Mchana asilale zaidi ya nusu saa. Jioni washa taa, piga naye soga mpaka saa 3 au 4 usiku. Akishtuka saa 9 usiku abaki gizani na simu iwe mbali, maana huko nyumbani ni saa 12 asubuhi, wote wameamka na salamu zinamiminika. Na wewe uliyekuja kubeba boksi, siku mbili za mwanzo usikubali zamu ya usiku wala kushika usukani.

Mwenye sukari anayechoma insulini amuulize daktari wake kabla ya kusafiri namna ya kupanga saa. Dawa za presha mfamasia yeyote atakueleza. Usimeze dozi mbili kwa kudhani umeruka moja.

Sasa nifike pale panaponiuma. Mama yangu mkubwa alikuja kututembelea mwezi wa Januari. Siku ya 9 akaanza kutetemeka, kichwa kinamgonga, chakula hataki. Sisi tukasema ni baridi, ni uchovu wa safari, tukampa vidonge vya maumivu na blanketi la pili. Siku tatu! Kumbe mbu alimuuma Muheza, homa ikamkuta Stechford. Alipona, lakini alilazwa, na hadi leo sipendi kukumbuka.

Uchovu wa saa hauleti homa. Malaria kali ya kwetu kwa kawaida hujitokeza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi ndani ya miezi 3. Mtu aliyetoka nyumbani karibuni akipata homa, apimwe damu siku hiyo hiyo. Piga 111, au nenda kitengo cha dharura. Kwa sisi wa Stechford, hospitali ya Heartlands iko hapo Bordesley Green. Na sema mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa: "Ametoka Tanzania wiki iliyopita." Wengi husita kwa kuogopa bili kwa sababu mgeni ana viza ya matembezi. Kupimwa na kutibiwa malaria hapa ni bure kwa kila mtu.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya ndege nao si uchovu, huenda ni damu iliyoganda. Mpigie 111 leo leo. Akibanwa kifua au pumzi, piga 999.

Wakati wa kurudi saa zinakwenda kinyume: saa 4 usiku ya nyumbani, mwili wake bado unadhani ni saa 1 jioni. Mwambieni mapema huko wasimpangie shughuli za alfajiri siku mbili tatu za kwanza.