SOMO LETU: UYOGA WA MSITUNI NA KUVUMWANI YA KINAMASI

Tukipanda miti na kutunza chemchemi, tunakutana na viumbe viwili ambavyo wengi wetu huviweka kapu moja: uyoga, na kuvumwani, yaani ule mmea mfupi laini unaotandaa kama zulia penye majimaji. Ni kweli, vyote viwili havina maua wala mbegu, na huenea kwa vumbi laini sana. Basi, kufanana kwao kunaishia karibu hapo.

1. Chakula. Kuvumwani ina ukijani, kwa hiyo hujipikia kwa mwanga wa jua kama sukuma wiki. Uyoga si mmea. Hula magogo na majani yaliyokufa, ama hushirikiana na mizizi ya miti hai.

2. Mwili. Uyoga tunaochuma ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizojificha ndani ya udongo au gogo. Kuvumwani haina mizizi ya kweli. Hunywa maji kwa mwili mzima. Kuna aina inayoota kwenye vinamasi vya juu vya Aberdare na Mlima Kenya ambayo jamaa zake huweza kubeba maji mara 20 ya uzito wao mkavu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza walifunga nazo vidonda vya askari.

3. Kazi. Uyoga huozesha gogo likawa mbolea ya msitu. Kuvumwani hushika mvua na kuiachilia polepole. Tukiokota kila gogo kwa kuni, tunaunyima udongo chakula. Tukichimba mitaro kukausha kinamasi, tusishangae mto ukipungua wakati wa kiangazi.

TAHADHARI. Watu husema ati uyoga ulioliwa na konokono ni salama. Si kweli! Sumu nyingine haziishi kwa kuchemsha wala kukausha, na dalili zaweza kuchelewa saa 6 hadi 24, huku ini likiumia. Usioujua, usile. Mtu akishaula, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama bado hajaumwa, na mbebe mabaki.

MASWALI YA KIKUNDI
(a) Ni uyoga gani wazee wetu wanaujua kwa hakika, na nani anawafundisha watoto?
(b) Kinamasi chetu kiko wapi, na nani anakikausha?
(c) Tutafanya nini kabla ya mkutano ujao?